Sura Tatu za Mwanzo: Vyama vya Elimu za Mashariki na Chimbuko la Maandiko ya Kiswahili

Mwanafunzi wa historia ya kanisa akiulizwa ni lini na wapi Maandiko Matakatifu yalipigwa chapa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, kwa kawaida ataitaja Unguja, atamtaja Edward Steere, na ataanza kuhesabu tangu miaka ya 1860. Jibu hilo lina sababu zake, maana Biblia iliyosomwa na Wakristo wa kwanza wa pwani ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Steere na wenzake. Hata hivyo si jibu kamili. Miaka ishirini hivi kabla ya vijitabu vya Unguja, yaani mwaka 1847, sura tatu za kwanza za Kitabu cha Mwanzo zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili, na mahali penyewe palikuwa Boston, Marekani. Waliozichapisha hawakuwa shirika la misioni wala chama cha Biblia. Walikuwa chama cha wataalamu wa lugha na elimu za Asia, kiitwacho American Oriental Society, nao walizichapisha katika juzuu la kwanza la jarida lao, pamoja na makala nyingine za wasomi.

Katika makala hii tunakusudia kuifuata njia ya sura hizo tatu, na ya hati chache zilizopelekwa Ujerumani baadaye kwa mkono wa mtumishi yule yule. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kusahihisha tarehe tu. Tunaona kwamba namna Maandiko yetu yalivyoanza inagusa swali ambalo bado liko mbele ya kila mtafsiri na kila mwalimu wa theolojia katika nchi zetu: kazi ya lugha inafanywa na nani, kwa ajili ya nani, na jina la nani huandikwa juu yake.

Vyama vyenyewe

Vyama vya namna hii vilianza Asia. Mwaka 1784 William Jones, hakimu Mwingereza, alianzisha mjini Calcutta chama cha kuchunguza historia, sheria na lugha za Bara Hindi. Paris ilifuata mwaka 1822, London mwaka 1823, Boston mwaka 1842, na Wajerumani waliunda chama chao, Deutsche Morgenländische Gesellschaft, mwaka 1845. Utaratibu wao ulifanana. Wanachama walikutana kwa vipindi, barua kutoka nchi za mbali zikasomwa, hati za kale zikawekwa mezani na kuchunguzwa, na yale yaliyoonekana kuwa ya maana yakapigwa chapa katika jarida. Maktaba ndiyo ilikuwa hazina ya chama. Mtu aliyeko ng'ambo aliweza kupeleka hati, sarafu au orodha ya maneno, naye akawa na hakika kwamba vitatunzwa.

Mara nyingi mtu huyo wa ng'ambo alikuwa mmisionari. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Msomi wa Leipzig au wa Boston aliweza kusoma Kiarabu na Kisanskriti vitabuni, lakini mtu aliyeishi miaka kumi kati ya wenye lugha, akila chakula chao na kuzika wafu wake katika ardhi yao, alikuwa kwa kawaida mtu wa misioni. Chama cha Boston kilijua hivyo tangu mwanzo. Rais wake wa kwanza, John Pickering, alikuwa mwanasheria aliyeandika juu ya namna moja ya kuziandika lugha za wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini. Aliyemfuata mwaka 1846 alikuwa Edward Robinson, ambaye wanafunzi wetu wa Agano la Kale wanamfahamu kwa uchunguzi wake wa nchi ya Palestina, na aliyefundisha katika seminari ya theolojia mjini New York. Chama kilichoongozwa na watu wa namna hiyo hakikuwatazama wamisionari kama wageni.

Tena katiba ya chama hicho ilitaja lugha za Asia, za Afrika na za visiwa vya Polinesia kuwa ndizo shabaha ya elimu yake. Neno "Mashariki" lilikuwa pana kuliko ramani! Kwa hiyo katika juzuu hilo la kwanza tunakuta pia orodha za maneno ya lugha za Afrika zilizokusanywa na John Leighton Wilson, mmisionari wa Gabon. Kiswahili kilikuwa na sababu ya ziada ya kuingizwa humo: kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kilikuwa na maneno mengi ya Kiarabu, na kilisemwa katika bandari zilizofanya biashara na Maskati na Bombay tangu zamani. Wafanyabiashara wa New England nao hawakuwa wageni wa Unguja. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na meli za Salem zilileta kile kitambaa ambacho hata leo tunakiita merikani.

Mombasa, mwaka 1844

Johann Ludwig Krapf hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wetu, lakini yuko Krapf mmoja ambaye mahubiri ya sikukuu za misioni humsahau. Mwana huyu wa mkulima wa Derendingen, katika Württemberg, Mlutheri aliyefanya kazi chini ya shirika la Waanglikana, alikuwa pia mtu wa elimu za Mashariki. Alipokuwa Ethiopia alikusanya hati za Kige'ez, na chuo kikuu cha Tübingen kikamtunukia udaktari mwaka 1842. Alifika pwani yetu akiwa amezoea kuandikiana na maprofesa, na akijua kwamba lugha isiyo na sarufi iliyoandikwa ni shamba ambalo mtu hulima kwanza kabla ya kupanda.

Aliingia Mombasa mwezi Mei 1844 pamoja na mkewe Rosina. Tarehe 8 Juni alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Tarehe 13 Julai Rosina alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga alimfuata baada ya siku chache tu. Tunazitaja tarehe hizi kwa karibu makusudi. Tafsiri ya kwanza ya Maandiko katika lugha yetu ilifanyika katika nyumba yenye homa, na ndani ya majuma matano tangu kuanza kwake kaburi lilikuwa limechimbwa ng'ambo ya bandari. Msomi aliyefungua jarida mjini Boston, akazikuta habari za kuumbwa kwa ulimwengu na za mwanadamu kurudi mavumbini katika lugha asiyoijua, hakuyaona hayo katika ukurasa uliokuwa mbele yake.

Wala hakumwona mtu wa pili aliyekuwa mezani. Krapf mwenyewe aliandika katika habari za safari zake kwamba aliianza kazi hiyo kwa msaada wa Sheikh Ali bin Muhidini, kadhi. Hapa tunapenda kutua kidogo. Mtu mwenye miezi michache tu katika lugha hawezi kutafsiri Mwanzo. Anaweza kuuliza, anaweza kueleza maana kwa Kiarabu, ambacho Krapf alikijua, anaweza kusikiliza na kuandika. Lakini sentensi ya Kiswahili yenye kusimama, iliyo na mpangilio wa viambishi unaotakiwa na sikio la mwenyeji, hutoka kinywani mwa mwenyeji. Ni lazima tukubali kwamba mkono ulioandika ulikuwa wa mchungaji wa Kilutheri, na ulimi uliosema ulikuwa wa kadhi wa Kiislamu.

Huenda wako watakaoshtuka kwa kusikia hivyo. Sisi hatuoni sababu ya kushtuka. Habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi, za Adamu na mkewe, za jaribu na kufukuzwa bustanini, hazikuwa ngeni kwa kadhi. Alizijua kwa njia ya elimu yake mwenyewe, na alikuwa na maneno yake tayari. Pengine hata Krapf hakuchagua kuanza na Mwanzo kwa sababu tu ndicho kitabu cha kwanza. Katika sura zile watu wawili wa imani mbili waliweza kukaa pamoja na kazi ikaenda, jambo ambalo lingekuwa gumu zaidi kama wangalianza na Waraka kwa Wagalatia.

Faida na hasara

Sura tatu zilipotokea mwaka 1847, zilitanguliwa na maelezo ya W. W. Greenough, mfanyabiashara wa Boston aliyependa elimu za lugha. Jina la lugha liliandikwa kwa maendelezo ambayo Mswahili angeyatamka kwa shida: "Sooahelee". Makala ile hujulikana hata leo kwa majina mawili, la Krapf na la Greenough.

Tukipima kwa haki, chama kile kilitenda jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kulitenda. Hapakuwa na kanisa la Waswahili la kununua kitabu, wala shule ya kukifundishia, wala mtambo wa chapa pwani nzima. Krapf alipotaka kupiga chapa Injili ya Luka kwa Kinyika, pamoja na katekisimu, ilibidi kazi ifanyike Bombay mwaka 1848. (Katekisimu yenyewe ilikuwa ya Heidelberg, Mlutheri katika utumishi wa Waanglikana akawapa Wanyika mafundisho ya Wareformed, na hatujasikia kwamba mtu yeyote alilalamika.) Chama cha wasomi huchapa kitu kisichouzika, na hicho ndicho kipaji chake. Kama sura zile zingalibaki katika sanduku la Krapf, huenda zingalipotea kama karatasi nyingine nyingi za misioni zilivyoliwa na mchwa.

Lakini kila kipaji kina gharama yake. Sura zile hazikuchapwa ili zisomwe kama Neno la Mungu. Zilichapwa kama kielelezo cha lugha, ili wasomi walinganishe viambishi na maneno, na hapakuwa na njia ya kuzirudisha Mombasa. Hata kama nakala moja ingalirudi, ilikuwa katika herufi za Kilatini, ambazo wakati ule wachache mno pwani waliweza kuzisoma, hali wako waliosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa vizazi kadhaa. Krapf alikuwa na hoja zake, naye alizieleza katika sarufi yake iliyochapwa Tübingen mwaka 1850: herufi za Kiarabu, kwa maoni yake, hazikuweza kuonyesha sawasawa sauti za Kiswahili, na zingefungua mlango kwa nguvu ya Uislamu. Hoja ya kwanza ni ya mwanaisimu na ina uzito. Hoja ya pili ni ya mtu wa mashindano, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kadhi aliyesaidia kuitafsiri kazi hiyo alinyimwa herufi ambazo yeye mwenyewe angeisomea.

Kuhusu jina la kadhi, tusiwahukumu watu wa zamani kwa ukali kupita kiasi. Desturi ya vyama hivi kuwatumia wenyeji kama chemchemi na kutowahesabu kama wenzao ilikuwa ya kawaida. Hata Calcutta, mahali ambapo elimu yote ya Jones ilitegemea wanavyuoni wa Kihindu na wa Kiislamu, Wahindi hawakupokewa kuwa wanachama mpaka mwaka 1829, yaani baada ya miaka 45. Krapf angalau aliandika jina la mwalimu wake, na kwa hiyo tunaweza kulitaja leo.

Hati za Halle

Ujerumani nako Kiswahili kiliingia katika mazungumzo ya wataalamu wa Mashariki mapema sana. Katika juzuu la kwanza la jarida la chama cha Kijerumani, mwaka huo huo wa 1847, Hans Conon von der Gabelentz aliandika juu ya lugha ya Waswahili. Mwaka uliofuata August Friedrich Pott, profesa wa Halle, alionyesha katika jarida hilo hilo undugu wa lugha za kusini mwa Afrika na za Kongo, zile ambazo baadaye Wilhelm Bleek, mwana wa profesa wa theolojia wa Bonn, alizipa jina la Bantu. Hivyo chama kilichoanzishwa kwa ajili ya Mashariki ndicho kilichosaidia kuonyesha kwamba jamaa za Kiswahili wako bara, huku Afrika.

Lakini zawadi iliyo kubwa zaidi kwetu ni ya mwaka 1854. Krapf, akiwa amerudi Ulaya na afya iliyovunjika, aliipa maktaba ya chama hicho mjini Halle hati za tenzi za Kiswahili alizokuwa amezipata pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mmoja wa tenzi hizo ulikuwa utenzi wa Herekali, unaojulikana pia kama Utenzi wa Tambuka, wenye asili yake Pate katika karne ya 18. Mwingine ulikuwa Utenzi wa Shufaka, ambao ndani yake malaika wanashuka duniani kwa kujigeuza ili waone kama huruma ingaliko kati ya wanadamu.

Utenzi wa Herekali unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Kaisari wa Rumi, mfalme wa Wakristo. Na aliyeupeleka Halle alikuwa mchungaji Mkristo, yule yule aliyeziogopa herufi za Kiarabu kwa sababu ya Uislamu! Nafsi ya mmisionari na nafsi ya msomi zilikaa ndani ya mtu mmoja, na hazikupatana sikuzote. Sisi tunamshukuru Mungu kwa kutopatana huko. Kama Krapf angalikuwa mmisionari tu kwa maana nyembamba ya neno, angaliziacha hati hizo zilipokuwa. Na kama angalikuwa msomi tu, hatujui kama angalipata mtu wa kumkabidhi.

Halle si jina geni katika historia ya Kilutheri. Kutoka mji huo walitoka wanafunzi wa August Hermann Francke, nao Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau walifika Tranquebar mwaka 1706, wakaanza kujifunza Kitamil. Ziegenbalg naye alikusanya vitabu vya wenyeji na kuandika juu ya dini yao, na wakuu wake huko nyumbani hawakufurahi; waliona kwamba alitumwa kuhubiri, si kueneza elimu ya wapagani. Lawama hiyo bado inasikika. Wako wachungaji hata leo wanaoulizwa na wazee wa usharika wao kwa nini wanapoteza muda kuandika mithali za bibi zao.

Hati za Krapf zilikaa kimya miaka zaidi ya 30. Aliyezitoa mwishowe alikuwa Carl Gotthilf Büttner. Huyu alikuwa mmisionari wa Rhein kusini-magharibi mwa Afrika, akarudi Ujerumani, na tangu mwaka 1886 akawa mkaguzi wa shirika jipya la misioni la Berlin, lile lililoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka huo huo wa 1887 chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa mjini Berlin, na Büttner akafundisha Kiswahili humo. Basi mtu mmoja alishika misioni kwa mkono wa kulia na elimu ya lugha kwa mkono wa kushoto, na juu yake ilikuwapo serikali iliyohitaji maofisa wenye kusema Kiswahili katika koloni lake jipya. Hatuwezi kuitazama elimu ile kana kwamba ilielea juu ya siasa. Tenzi za Pate zilisomwa Berlin wakati ambapo pwani yenyewe, kuanzia 1888, ilikuwa imeshika silaha pamoja na Abushiri bin Salim.

Maneno yetu

Yawezekana msomaji akasema kwamba hayo yote ni ya makumbusho. Tunamwomba afungue kitabu chake cha ibada. Imani, neema, rehema, dhambi, toba, sadaka, baraka, roho, injili, zaburi, torati, madhabahu, kanisa, msalaba: maneno haya yote yalifika kwetu kwa njia ya Kiarabu. Mwanafunzi anayeanza Kiebrania huona mara moja kwamba baadhi yake ni ndugu wa maneno ya manabii. Anaposoma ruach anasikia roho, berakah inamwitia baraka, na rachamim inamwitia rehema. Mkristo wa Ulaya hujifunza maneno hayo kwa kukariri. Mswahili anayakuta nyumbani kwao. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wataalamu wa Boston na Leipzig wakitazame Kiswahili kwa jicho la udadisi, na mtu wa kwanza kuyaleta maneno ya namna hiyo katika meza ya tafsiri ya Biblia alikuwa kadhi wa Mombasa.

Mlutheri mwingine, Karl Roehl, aliliona jambo hilo kuwa hatari. Katika tafsiri yake, Agano Jipya la 1930 na Biblia nzima ya 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu badala yake, ili watu wa bara waelewe na ili lugha ya kanisa isielekee msikitini. Kazi yake ina sentensi nzuri sana, na wako wazee wetu walioipenda mpaka kufa kwao. Lakini Biblia ya Union ya 1952 ilirudi kwenye maneno yaliyozoeleka, na watu waliendelea kusali kwa maneno ambayo Roehl alitaka kuyatoa. Kwa maoni yetu Roehl alikosea kuhusu chimbuko. Alidhani maneno hayo yaliingia katika Maandiko yetu kama magugu yaingiavyo shambani, kumbe yalikuwamo katika mbegu tangu siku ya kwanza.

Katika orodha ya tafsiri ambayo wengi wetu tuliinakili darasani, na ambayo bado tunawapa wanafunzi wetu, Krapf hutajwa katika aya ya utangulizi kama mtu aliyejaribu, kisha orodha yenyewe inaanza na Steere. Tungependa kuongeza mstari mmoja juu yake, nao uandikwe hivi: Mwanzo 1–3, Kiswahili cha Mombasa, kazi ya J. L. Krapf na Sheikh Ali bin Muhidini, ilianzwa Juni 1844. Ikapigwa chapa Boston, 1847.